BIBI WILSON NA NDEGE NDOGO ZA NAIROBI

Watu wengi wa Kampala wakisikia neno "ndege" hufikiri Entebbe, na wakifikiri Entebbe hufikiri serikali, fedha nyingi, na madege makubwa yachukuayo watu mamia. Hata hapa shuleni, katika mabishano yetu ya jioni, nimesikia zaidi ya mara moja ya kwamba kazi ya ndege si kazi ya kuanzwa na mtu mmoja. Ni lazima ianzwe na dola. Kwa hiyo nataka kuwaeleza wasomaji habari za mjane mmoja wa Nairobi, Bibi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege mwaka wa 1929 akiwa na ndege moja ya viti viwili. Tena nitajaribu kueleza kwa nini kampuni ile haikufa katika mwaka wake wa kwanza, maana makampuni ya namna hiyo yalikufa mengi.

Kwanza tutazame hali ilivyokuwa kabla yake. Mwezi wa Februari 1920 ndege ya injini mbili ya aina ya Vickers Vimy, iliyotumwa na gazeti la The Times la London, ilitua Jinja ikiwa safarini kwenda Cape Town. Haikufika. Tarehe 27 ya mwezi ule ule ilianguka Tabora ilipokuwa ikijaribu kuruka. Nyuma yake walikuwa wakija watu wawili wa Afrika ya Kusini, van Ryneveld na Brand, nao walifika Cape Town tarehe 20 Machi, lakini walikuwa wamekwisha vunja ndege mbili njiani na safari waliimaliza kwa ya tatu. Mwaka wa 1927 Waingereza wengine walijaribu kupeleka barua kati ya Khartoum na Kisumu kwa ndege ya majini. Ndege yao iligonga kitu kilichozama katika mto Nile, na ile waliyoazimwa badala yake ikavunjika Kisumu.

Basi twaona ya kwamba watu walikwisha jua kupita juu ya nchi zetu. Lililowashinda lilikuwa kukaa: kuwa na ndege ambayo leo imeruka, kesho itaruka, na Jumatatu ijayo itakuwapo kiwanjani saa ile ile iliyoandikwa.

Huko Kenya ndege zilikuwa mchezo wa masetla wenye fedha. Bwana mmoja, John Carberry, alileta ndege ya aina ya DH.51 kwa meli mwaka wa 1925. Baadaye iliitwa "Miss Kenya", na mwaka wa 1928 ikawa ya kwanza kuandikwa katika daftari la ndege la Kenya. Ndege hiyo ingali nzima. Imehifadhiwa Uingereza katika makumbusho ya Shuttleworth, na hurushwa siku za maonyesho. Lakini mchezo huo uliua. Mwezi wa Machi 1928 mke wa Carberry, jina lake Maia, ambaye mwenyewe alikuwa rubani, alianguka Nairobi pamoja na mwanafunzi aliyekuwa akimfundisha, wakafa wote wawili.

Miongoni mwa watu walioirusha "Miss Kenya" alikuwa Tom Campbell Black. Huyu alizaliwa Brighton mwaka wa 1899, akawa rubani katika vita vya 1914 mpaka 1918, kisha akaja Kenya kulima kahawa. Alikuwa rubani mwema kuliko alivyokuwa mkulima. Bibi Wilson alifiwa na mumewe mwaka wa 1928. Alikuwa na mali, na alikwisha panda ndege pamoja na Campbell Black, akauona uwezo wake. Wajane wengi wa Kizungu wa zamani zile waliuza mashamba yao wakarudi kwao. Yeye mwezi wa Julai 1929 aliandikisha kampuni mjini Nairobi, akaiita Wilson Airways. Fedha ni zake. Campbell Black akawa meneja na rubani mkuu. Na ndege, kama nilivyosema, moja tu, ya aina ya Gipsy Moth.

Yafaa nieleze kidogo juu ya ndege hiyo, kwa sababu ndani yake mna nusu ya habari yote. Moth kwa Kiingereza ni nondo, yule kipepeo wa usiku aizungukaye taa. Mwenye kiwanda, Geoffrey de Havilland, alikuwa mpenzi wa wadudu hao, ndiyo maana ndege zake nyingi zikapewa majina yao. Nalo jina lilifaa. Gipsy Moth ilikuwa ya mbao nyembamba, na mabawa yake ya kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza mpaka kikalia kama ngozi ya ngoma. Injini ilikuwa na nguvu za farasi 100. Mwendo wake ulikuwa maili 85 hivi kwa saa, na petroli yake ilitosha maili mia tatu. Rubani na abiria walikaa mmoja mbele ya mwingine, vichwa vyao nje katika upepo. Mabawa yaliweza kukunjwa kwa nyuma, ikasukumwa bandani kama mkokoteni. Seremala mzuri, fundi wa magari na mshonaji, wakiwa na msimamizi anayejua ndege, waliweza kuitengeneza palipoharibika. Hili ndilo jambo kubwa. Ndege ya mbao na kitambaa haikuhitaji kiwanda cha Ulaya kila ilipoumia.

Lakini Nairobi si Uingereza. Nairobi iko juu ya bahari kwa futi 5,500 hivi. Bawa la ndege hufanya kazi kwa kuisukuma hewa chini. Hewa ikisukumwa chini, nayo hulisukuma bawa juu. Sasa katika kimo cha Nairobi hewa ni nyepesi. Imepungua uzito karibu sehemu moja katika sita au saba ukilinganisha na hewa ya Mombasa. Bawa lina hewa chache ya kushika. Injini nayo ina hewa chache ya kuvuta, kwa hiyo nguvu zake hupungua. Na rafadha nayo ina hewa chache ya kuikata. Jua la mchana likipanda, hewa huzidi kuwa nyepesi. Ndege ile ile iliyoruka London baada ya kukimbia hatua chache, hapa ilikimbia na kukimbia mpaka rubani akauona ua wa kiwanja unamjia. Ndiyo sababu marubani wa huku walipenda kuondoka alfajiri, kukiwa kungali na baridi. Mwanafunzi anayesoma fizikia na kudhani ya kwamba uzito wa hewa ni neno la mtihani tu, na akumbuke ua ule.

Sasa nije kwenye akili ya Bibi Wilson. Wakati ule kampuni kubwa ya Uingereza, Imperial Airways, ilikuwa ikitayarisha njia ya kutoka London mpaka Cape Town. Tarehe 28 Februari 1931 njia hiyo ilifunguliwa mpaka Mwanza, mwendo wa siku kama kumi. Na mwezi wa Januari 1932 ikafika Cape Town. Kutoka Khartoum kuja Ziwa Viktoria zilitumiwa ndege za majini zenye injini tatu, aina ya Short Calcutta. Hapa petu zilitua Port Bell, chini ya Luzira.

Kwa nini ndege za majini? Kwa sababu ziwa ni kiwanja kilichokwisha fyekwa na Mungu. Hapana kung'oa visiki wala kufukia mashimo ya muhanga. Kinachotakiwa ni boya la kufungia, motaboti ya kuwaleta abiria pwani, na chombo cha petroli. Ila na maji yana vitimbi vyake. Ziwa likitulia kabisa asubuhi, likawa kama kioo, ndege hunaswa na maji wala haitaki kuachana nayo. Huweza kubidi motaboti itumwe kukimbia mbele yake ili kuyavunja maji yawe na viwimbi. Msomaji aliyezoea kuogopa mawimbi atastaajabu kusikia ya kwamba rubani aliyaomba.

Njia kama ile ya Imperial Airways ni kama mto mkubwa. Mto mkubwa hauna maji yake wenyewe. Hupewa na vijito. Barua iliyofika Kisumu kwa siku chache kutoka London, halafu ikangoja gari la moshi, kisha lori, kisha tarishi wa miguu, ilikuwa imepoteza haraka yake yote. Bibi Wilson alilitambua hilo mapema. Hakujaribu kushindana na kampuni kubwa. Alijifanya kijito chake. Ndege zake zilichukua abiria na barua kati ya Kisumu na Nairobi, na baadaye katika miaka ya 1930 zilifuata pwani: Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam. Dhahabu ilipoonekana Kakamega, na ile ya Lupa katika Tanganyika, watafutaji wa dhahabu walikuwa watu wasiopenda kungoja, nao walikuwa tayari kulipa. Mgonjwa aliyehitaji daktari, daktari aliyehitaji kumfikia mgonjwa, ofisa aliyekuwa na shauri la haraka, mwindaji tajiri aliyetaka kujua tembo wako wapi: hao wote walikodi ndege. Kampuni iliyokuwa na Moth moja ikapata Moth nyingine, na ndege za kufunikwa za aina ya Puss Moth, na ndege mbili za Avro zenye injini tatu, na mwisho ndege za injini mbili za De Havilland ziitwazo Dragon na Dragon Rapide. 

Katika mwaka wa 1931 dunia iliisikia kampuni hiyo kwa sababu ya Mjerumani, Ernst Udet, rubani mashuhuri wa vita ile ya kwanza. Yeye na fundi wake walikuwa wakirudi kwao kutoka Afrika ya Mashariki, wakaishiwa petroli juu ya mabwawa ya Nile katika Sudani ya Kusini, mahali pa matete na mamba. Campbell Black aliwatafuta kutoka angani akawaona, akatua, akawapa msaada. Mwaka ule ule, tarehe 14 Mei, mwindaji Denys Finch Hatton aliondoka Voi kwa Gipsy Moth yake mwenyewe. Ilipanda kidogo, ikaanguka, ikawaka moto. Habari zake zimeandikwa katika vitabu na kuonyeshwa katika filamu. Mtumishi wake Mwafrika, aliyekufa katika moto ule ule, hupewa mstari mmoja.

Na mstari huo mmoja wanifanya niseme jambo ambalo vitabu vya ndege hulipita upesi. Katika miaka ile Mwafrika hakukaa katika kiti cha rubani wa Wilson Airways. Nani alifyeka viwanja? Nani alibeba petroli, debe kwa debe, akaimimina kupitia ngozi ya kuchujia ili maji yasiingie injini? Nani aliwafukuza punda-milia kiwanjani ndege ilipotaka kutua? Ni watu wetu, na majina yao hayakuandikwa. Kibarua aliyekaza kamba za bawa kila asubuhi kwa miaka mitano hawezi kuwa hakujifunza kitu juu ya bawa. Alijua, ila hakupewa cheti.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulitukia karibu nasi, ijapokuwa ndege yenyewe haikuwa ya Bibi Wilson. Tarehe 14 Machi 1939 ndege ya majini ya Imperial Airways, jina lake Corsair, ya injini nne, iliondoka Port Bell kwenda Juba. Ilipotea njia. Petroli ilipokaribia kwisha rubani aliona mto mwembamba, akatua; ulikuwa mto Dungu, karibu na Faradje, katika Kongo ya Wabelgiji. Watu wote walipona, lakini ndege ilipasuliwa na mwamba. Mafundi wakaletwa kutoka Uingereza, wakaiziba katikati ya mbu na homa. Walipojaribu kuirusha iligonga mwamba tena, wakaanza upya. Mto ulikuwa mfupi na maji haba. Basi wakaamua kujenga boma la kuzuia maji ili mto ujae, na boma hilo lilijengwa kwa mikono ya Wakongo wa pale. Maji yalipanda, na tarehe 6 Januari 1940 Corsair ikaruka kwenda Juba, baada ya kukaa mtoni karibu miezi kumi. Jina la nahodha aliyeirusha twalijua, Kelly Rogers. Wajenzi wa boma ndio waliofanya mto uwe ziwa.

Nirudi kwa Wilson Airways. Campbell Black aliiacha mwaka wa 1932. Mwezi wa Oktoba 1934, pamoja na C. W. A. Scott, alishinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza mpaka Melbourne, kwa saa 71. Bibi Beryl Markham, aliyefundishwa naye Nairobi, mwezi wa Septemba 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Katika mwezi huo huo Campbell Black alikufa. Hakufa angani, bali katika kiwanja cha Liverpool, ndege yake ikiwa inatambaa chini, ilipogongwa na ndege nyingine iliyokuwa ikitua.

Kampuni iliendelea bila yeye, nayo haikuuawa na hasara. Vita vilipoanza mwezi wa Septemba 1939 serikali ya Kenya ilizichukua ndege na marubani kwa kazi ya jeshi, na mwaka uliofuata Wilson Airways ikafungwa. Tarehe 1 Januari 1946 serikali za Afrika ya Mashariki zilianzisha shirika lao, East African Airways, nalo lilianza kwa Dragon Rapide sita, yaani aina ile ile aliyoiacha Bibi Wilson. Shirika hilo lilikua mpaka likawa na ndege za jeti, likavunjika mwaka wa 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe. Entebbe nako kulikuwa kumekwisha badilika. Uwanja mpya ulifunguliwa mwezi wa Novemba 1951, na mwezi wa Mei 1952 ndege ya jeti Comet, katika safari ya kwanza ya jeti ya kuchukua abiria wa kulipa duniani, ilipitia hapo ikielekea Johannesburg. Baada ya hapo Port Bell ilibaki na mameli na samaki.

Uganda Airlines ya kwanza iliundwa mwaka wa 1976, ikafungwa mwaka wa 2001. Ya pili ilianza kuruka mwezi wa Agosti 2019 ikiwa na ndege za Bombardier za kwenda nchi jirani, kisha zikanunuliwa Airbus mbili kubwa za kwenda mbali, na katika miaka yake ya kwanza imeandikiwa hasara nzito. Wako wasemao ya kwamba shirika changa lazima lipate hasara, na huenda wana haki. Mimi naona ya kwamba mto ulichimbwa kabla ya vijito. Mtu wa Arua au Kisoro bado hufika Entebbe kwa basi la usiku, naye ndiye abiria ambaye Bibi Wilson angemwendea kwanza.

Kuhusu kiti cha rubani, yako mabadiliko ambayo wale wabeba-madebe hawakuyaona. Tangu mwaka wa 1971 kipo chuo cha urubani na ufundi wa ndege huku kwetu Uganda, mjini Soroti, kilichoanzishwa na nchi tatu za Jumuiya, nacho hufundisha marubani na vilevile mafundi wa injini. Wanaotaka kuingia huulizwa hesabu na fizikia. Ada ni kubwa, na hilo ni shauri ambalo wazazi wengi hawaliwezi. Lakini mlango upo, tena uko umbali wa siku moja kwa basi.

Kiwanja cha Bibi Wilson huko Nairobi kilipewa jina lake mwaka wa 1962. Hakikuachwa kiwe makumbusho. Ndege ndogo huruka na kutua mchana kutwa, na hapo ndipo yalipo makao ya madaktari warukao wa AMREF, walioanza mwaka wa 1957. Sisi wa Kampala tunacho kiwanja chetu cha namna hiyo, Kajjansi, kando ya njia ya Entebbe. Hutumiwa na ndege za misheni za MAF, nyingine za injini moja, zinazopeleka madaktari, walimu na dawa Karamoja. Abiria na mizigo hupimwa katika mizani kabla ya kupanda, ratili kwa ratili, kwa sababu hewa ya Kajjansi nayo, ingawa si nyepesi kama ya Nairobi, ni nyepesi kuliko ya pwani, na kiwanja kina mwisho wake.